Filamu Niliyoimalizia Kwenye Chenga

Baba Zawadi,

Salamu sikuandikii. Ile shikamoo niliyokuwa nakupa kila asubuhi nimepiga goti, na wewe unaitikia marahaba huku unatafuta viatu vyako, iliisha siku uliyopakia televisheni kwenye lori.

Naandika kwa mkono wangu. Darasa la nne la shule ya misheni linatosha kumwandikia mtu kama wewe. Rehema, mtoto wa Zawadi wetu, atazipiga picha karatasi hizi azirushe kwenye ukurasa wetu mtandaoni, wasome wote. Uliyonifanyia hukunifanyia chumbani. Ulinifanyia mbele ya watu, basi na mimi nakujibu mbele ya watu. Na msomaji asiyetujua asikimbie. Naanzia mwanzo.

Unalikumbuka banda letu la video hapa Magomeni, Kilosa? Mabati ya kuokota, kuta za magunia tulizozikandika udongo, madirisha tumeyaziba na maboksi ili mwanga wa mchana usiingie. Televisheni moja, deki moja, na lile jenereta lililokuwa linakohoa kama mgonjwa wa kifua. Kanda za filamu za Kihindi ulikuwa unazifuata Morogoro, unarudi nazo kwenye mfuko umezikumbatia kama mtoto mchanga. Zawadi mwenyewe hukuwahi kumbeba hivyo.

Kihindi hakuna aliyekijua Magomeni nzima. Wewe ulijisifu unakijua, eti kwa sababu uliwahi kubeba mizigo kwenye duka la Mhindi. Ulijua "lete", ulijua "beba", na tusi moja. Kwa maneno hayo ukawa unasimama pembeni ya televisheni unawatafsiria watu filamu nzima. Mwanamke wa watu amefiwa na mama yake, anagaragara chini analia, wewe unasema, "Hapa anamwambia alete mzigo." Watu walikuwa wanakunyamazia kwa heshima tu, Baba Zawadi. Walikuwa wamekwishalipa.

Halafu ukashikwa na homa. Banda limejaa, wewe uko nyuma kwa jenereta unatetemeka chini ya blanketi, na mimi nimeacha vitumbua vyangu vya kuuza nimekuja kuwaambia watu warudi kesho. Mama Chausiku, yule aliyekuwa anakaanga mihogo mlangoni kwetu, akanidaka.

"Mama Zawadi, kabla hujatufukuza, huyu mwenye shela nyekundu anasema nini?"

Nikageuka kukiangalia kioo. Neno sikulijua. Ila uso ule niliujua, maana nimeuona kwa mama yangu kule Magole, nimeuona kwa shangazi zangu wote. Mama mkwe amekaa kwenye kiti anaelekeza kidole, na yule bibi harusi ameshika sufuria kwa mikono miwili kama mtu anayefikiria airushe.

"Anasema, 'Mama, kama chumvi yangu inakukera, jiko hilo hapo.'"

Banda liliangua kicheko mpaka ukasikia kule nyuma ukaniita, "Kuna nini huko?" Hakuna aliyerudi nyumbani siku ile. Na ulipopona ukasimama tena mahali pako, wanawake walipiga kelele: "Mzee, kaa na jenereta! Mlete mama!"

Ukakaa na jenereta. Mimi nikashika banda.

Nilikuwa siangalii midomo yao, midomo haikunisaidia kitu. Nilikuwa naangalia mikono. Nani anamwekea nani chakula, nani anafuta machozi upesi ili mwingine asione. Tajiri wa filamu nilimpa mashamba ya mkonge kama yale ya Kimamba. Polisi wake wote walikuwa wametoka Dumila na walikuwa na njaa. Shujaa alikuwa anakula ugali na mlenda, na watu waliamini, kwa sababu hata mimi nilikuwa naamini nikishaanza kusema.

Sasa ile filamu ya mvua. Wewe ndiye uliyeileta.

Ilikuwa na kanda mbili, ukapewa moja. Hukuangalia. Kazi yako yote ilikuwa hivyo. Mume anaondoka na mwanamke mwingine, amebeba mpaka bangili za mkewe. Mke anabaki, analea, anazeeka. Mwishoni yule mume anarudi, amekonda, nguo zimemgandia kwa mvua, anasimama mbele ya mlango wake wa zamani. Anainua mkono kubisha hodi. Mkono uko juu, kanda ikaisha.

Chenga. Kioo kizima kimejaa chenga nyeupe, shhhhh.

Wanaume wa mbele wakasimama. "Rudisheni hela zetu! Matapeli nyinyi!" Mmoja ameshashika nguzo ya banda. Ukaingia na spana mkononi, umeniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwako kabla wala baada. Ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Zawadi, fanya kitu, wataniua."

Nikapanda juu ya kiti. Nikawaambia, "Kaeni chini! Nani kawaambia imeisha? Mnaona hizo nyeupe? Hiyo ni mvua. Imeongezeka, ndiyo maana hamuwaoni watu. Nyamazeni mumsikie anavyobisha."

Wakakaa. Mungu ni shahidi, wakakaa, watu wazima na ndevu zao, wakaziangalia chenga.

Nikawaambia anabisha. Nikawaambia mke ndani anauliza, "Nani?" na mume anajibu, "Ni mimi," na mke ananyamaza, anasikiliza mvua inavyompiga mtu aliyemwibia bangili. Anaangalia sufuria yake jikoni. Anakumbuka mabaya yote, moja moja, na mimi nikayasema yote moja moja, nawe unajua niliyatoa wapi. Halafu akaenda mlangoni akavuta komeo. Nikakohoa, kisha akasema, "Ingia. Uji haujapoa."

Mama Chausiku alilia mpaka mihogo yake ikaungua. Yule mwanaume aliyeshika nguzo alikuwa ameikumbatia. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma pale mlangoni, unajifuta macho na kitambaa cha kufutia jenereta, uso wote umekuwa michirizi ya oili. Nilikuona. Ulifikiri giza limekuficha, lakini chenga zilikuwa zinamulika.

Watu wakawa wanakuja kuangalia chenga. Hujawahi kuona jambo kama lile wewe wala mimi. Wanasema, "Mama, tupelekee haraka mpaka kwenye mvua." Kule stesheni ya reli watu wakawa wanakaribishana kwa maneno yangu: "Ingia bwana, uji haujapoa." Hata mchungaji aliyasema kanisani akidhani ni ya zamani.

Jioni ile ya kwanza tulirudi nyumbani wewe umebeba deki begani, mimi nimefunika televisheni kwa khanga. Ukaniuliza, "Yale maneno umeyatoa wapi?"

Nikakuambia, "Kwako. Uliporudi kutoka kukata miwa Kilombero."

Ulikuwa umekaa huko msimu mzima bila salamu, bila mtu wa kuniambia kama uko hai. Ukarudi umeloa. Nilikufungulia, nilikupa uji, sikuuliza kitu. Basi ukashusha deki chini katikati ya njia, ukanishika mkono. Kushikana mkono barabarani, mtu na mkewe, Kilosa ile! Watu wakapiga miluzi. Hukuniachia.

Siku ile nilikupenda. Naliandika na hilo, kwa sababu ninayoyaandika baada ya hapa yasingeniuma kama siku ile haikuwepo.

Ukaanza safari za Mikumi. Eti deki inasumbua, Mikumi kuna fundi. Mikumi kuna barabara kuu, mabasi ya Iringa na Mbeya yanasimama, madereva wa malori wanalala. Sikuwaza baya. Nikawa nakufungia chapati za njiani, mimi mjinga.

Aliyenifumbua macho ni Mama Chausiku. Alikwenda Mikumi kumjulia hali dada yake, akarudi moja kwa moja mpaka kwangu hata mzigo hajautua.

"Shoga, nimeiona filamu yako huko. Ile ya mvua."

"Na mwisho wanao?"

"Wanao. Ila wewe umekuwa mwanaume."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Ulikuwa umepata mwenzako mwenye deki mbili. Mkarekodi filamu upya, sauti yako juu yake, na pale zilipokuwa chenga mkabandika kile kipande cha mvua cha mwanzoni mkakirudia. Maneno yangu yote umeyakariri. Kila siku unajifanya unaangalia mafuta ya jenereta kumbe unakariri! Mpaka kikohozi changu kabla ya "Ingia" umekikohoa. Na juu ya boksi la kanda jina lako, herufi kubwa: mtafsiri.

Nilikuuliza nikiwa naosha vyombo. Hukukataa, hilo nakupa. Ulisimama ukasema, nami nayanukuu kama ulivyoyasema, "Sauti ya mwanamke mwisho wake jikoni. Nani atanunua kanda ya mama muuza vitumbua?"

Baada ya hapo ni lori. Televisheni, deki, jenereta, mpaka viti. Na mwanamke wako wa Mikumi amekaa mbele na dereva. Simtaji, naye uliishia kumwacha. Zawadi alikuwa mdogo, alikuta waya wa spika umeanguka mlangoni, akaukamata, akalikimbiza lori mpaka njia panda akipiga kelele, "Baba, umesahau!" Alidhani ukiukosa hutaweza kufanya kazi. Ulimwona kwenye kioo cha pembeni. Usiniambie hukumwona.

Nilikwenda kuwa kibarua Kilangali, kwenye mashamba ya mbegu, kupalilia mpunga. Mgongo umeinama, maji mpaka magotini. Wenzangu kwenye mstari wakasema, "Mama Zawadi, tuendeshee filamu." Nikawaendeshea bila televisheni, bila umeme. Mstari wetu ulikuwa unachelewa kumaliza kuliko yote na msimamizi hakujua kwa nini, mpaka siku alipokuja kutugombeza akasimama akasikiliza, akauliza, "Halafu yule shemeji akafanyaje?" Hivyo usijisemeshe kwamba uliondoka na kitu. Ulibeba mashine.

Wewe huko Mikumi ukawa mtu mkubwa. Banda la rangi ya bluu, spika nje, abiria wanashuka kwenye basi kukimbilia kusikia dakika chache. Miaka mingi watu wamekuja mpaka hapa kwangu kunisifia sauti ya mume wangu wa zamani, jinsi anavyojua kusema mambo ya wanawake. "Yaani kama amekaa moyoni mwa mama!" Nilikuwa nawakaribisha chai, nameza mate.

Halafu dunia ikakugeuka, na mimi nikakaa kuangalia kama filamu. Kwanza zikaja CD, ukajikakamua. Zikaja flashi, vijana wakawa wananakili kazi yako bure wanapeana stendi, na wewe, wewe, Baba Zawadi, ukawa unazunguka unalalamika eti umeibiwa! Habari hiyo iliponifikia niliomba niisimuliwe tena. Mwisho zikaja simu. Kila mtoto ana banda lake mfukoni, anaangalia filamu ya Mhindi na maandishi chini yake, au ya Mkorea, au anajirekodi mwenyewe akicheza. Nani atakaa kwenye benchi lako lenye kunguni? Banda la bluu likafungwa. Rehema anauza matunda stendi ya Mikumi, akanipigia kuniambia juu ya bati lako wanakaa nyani. Sitaandika uongo mbele ya watu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ningeishia hapo, nimetosheka. Wewe ndiye uliyeendelea.

Alikuja kijana mmoja mwenye ukurasa wa kutafuta watu wa zamani, akakukuta, akakuweka mbele ya simu. Ukavaa koti. Ukaanza mbwembwe zako za Kihindi eti ulichojifunza safarini, sijui ulisafiri wapi. Kijana akakuuliza, "Mzee, ile filamu ya mvua, watu wameitafuta mtandaoni wameipata nzima. Mwisho wake siyo ule uliotusimulia. Ule uliupata wapi?"

Rehema ameniwekea kipande hicho mara nyingi na sichoki. Unapepesa macho. Unashika kola ya koti. Unasema, "Aa, pale ndiyo palikuwa na makosa ya mke wangu wa zamani. Hakuwa na shule, alikuwa anajibunia tu."

Wakati wa sifa, jina lako. Lawama zilipokuja, ukanikumbuka. Lakini mdomo wako ndio uliosema, mimi sikuwepo, hakuna aliyekulazimisha. Miaka yote nimesema maneno ni yangu, nani angemwamini mama muuza vitumbua? Ukaja kunishuhudia mwenyewe, na koti umevaa, dunia nzima inasikia.

Ulidhani watu watanicheka. Wakaandika chini pale, "Kwa hiyo ule uji ni wa huyo mama?" "Yuko wapi huyo bibi wa kubuni?" "Mzee kaa pembeni, tuleteeni mama." Yale yale ya banda! Rehema akawajibu, "Ni bibi yangu, yupo Kilosa, hajambo." Akaja Jumamosi na simu yake.

"Bibi, unataka kusema nini?"

"Kusema tu bila picha? Nionyeshe picha kwanza."

Alikuwa na picha za nyani, kazipiga huko stendi. Dume kubwa limekaa juu ya bati la bluu, bati lako, linamenya ndizi liliyoiiba kwenye beseni la Rehema. Jike linakuja na mtoto mgongoni. Dume linaficha ndizi chini ya paja, linaangalia juu kama linahesabu mawingu. Baba Zawadi, sikuhitaji hata kufikiri. Nilifungua mdomo ukatoka wewe.

"Mke wangu," dume likasema, "sauti ya mwanamke mwisho wake jikoni."

Na jike likauliza, "Na ndizi, mwisho wake ni wapi?"

Sasa unajua video ile ilikofika. Mpaka watu wa ng'ambo wanaandika, sijui wanapataje usingizi na nyani wa Mikumi. Nimekusemesha ukiwa nyani, nimekusemesha ukiwa jogoo, ukiwa ngiri anayekimbia mkia juu. Yale maneno yako ya kunidharau hayajaniishia, uliniachia mengi kuliko viti.

Na siyo mimi tu. Mama Chausiku naye ana ukurasa, anakaanga mihogo na kusema umbea wa zamani, mjukuu wake anamshikia simu. Kuna mwanamke Magole anasemesha mbuzi wake. Hajambo, ila anaharakisha, mbuzi hajamaliza kutafuna yeye kashajibu. Nimemwandikia apunguze mbio. Wanawake wananitumia picha za kuku, za waume zao wamelala na mdomo wazi, "Bibi, tusemeshee huyu." Zamani ili usikike ilibidi umngoje mwenye deki, na mwenye deki alikuwa wewe. Leo huyo wa Magole hajamuomba mtu ruhusa.

Wezi wapo, tena wengi, msidhani nimelewa sifa. Kuna mtu kachukua sauti yangu kaibandika kwenye video ya fisi, kaweka jina lake. Nilipandwa na hasira nikaona lori mbele ya macho yangu. Lakini kabla sijamwambia Rehema tufanyeje, watu chini wakawa wamemshukia: "Acha wizi, hiyo ni sauti ya bibi wa Kilosa." Kikohozi tu kilinitambulisha. Nyinyi mnaonisoma na mnachukua za wenzenu, naona. Mna bahati siwajui mama zenu. Wewe ulikuwa na bahati zaidi, Baba Zawadi: enzi zako hapakuwa na mahali pa kuandika chini.

Sasa tufike kwenye kilichonikalisha na kalamu.

Zawadi alikuja wiki iliyopita, amekaa kwenye kigoda anazungusha pete kidoleni. Nikajua ametumwa.

"Mama, baba anaomba ule mchezo wa nyani uishe. Stendi wanamwita Mzee Ndizi. Watoto wanamrushia maganda."

"Wanamrushia? Siku zile ndizi zenyewe aliwaficha watoto."

"Mama, amezeeka."

"Kuzeeka ni kazi? Hata mimi nimezeeka, sijaona mtu ananipa pole."

Akaivua pete, akaivaa tena. Halafu akasema lililobaki. Kwamba unaishi chumba cha nyuma cha banda, peke yako. Kwamba unasema una sauti bado, ungeweza kunisaidia sauti za kiume kwenye video zetu. Kwamba unakuja Kilosa, ukipata nauli, kunibishia hodi. Na kwamba umemwambia aniambie hivi: "Mama yako akumbuke alivyoimalizia ile filamu."

Zawadi alikuwa analia. Yule uliyemwona kwenye kioo cha lori, ndiye unayemtuma akuombee.

Nakusifu, hapo ulinipata. Ulichagua ufunguo wenyewe. Nimekaa nao. Nilikuwa nachambua mboga naona mkono wako umeinuliwa, umeloa, kama siku ile ya miwa. Na neno langu mwenyewe likawa linanipigia kelele, "Ingia, ingia," kama redio ya jirani.

Basi nikamwambia Rehema, "Nitafutie ile filamu. Nzima."

Unajua sikuwahi kuuona mwisho wake? Watu wameuona, wamebishana mtandaoni, mimi sikutaka. Niliona nina wangu, wa nini mwingine. Rehema akaniegemezea simu kwenye kikombe. Nikamwona tena yule mwanamke wangu, na mvua yake, na yule mwizi wa bangili mkono juu. Mahali zilipokuwa chenga, filamu ikaendelea. Nikaisogelea simu.

Anabisha. Yule mama ndani anasikia. Anachukua taa, anakwenda mpaka mlangoni. Anaweka kiganja chake juu ya mbao, hivi, taratibu, na upande wa pili mume naye kaweka chake, hawajui. Mimi niliangalia mikono, kama kawaida yangu. Mkono wake haukwenda kwenye komeo. Ulishuka. Akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kushona. Nje mvua. Imeisha.

"Bibi, hakufungua," Rehema akasema.

"Nimeona. Sina upofu."

Nilikaa pale mpaka chai ikaota ngozi juu. Miaka yote hii nimemsingizia yule mama, Baba Zawadi. Nilimtia mdomoni huruma ambayo haikuwa yake. Ilikuwa yangu, na ilikuwa yako wewe, na ulishaitumia. Mwisho wangu ulikuwa mzuri kuliko wao, hilo sibadilishi hata mbele ya waliotengeneza. Lakini nilikuwa nimeutunga kwa ajili ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya banda anajifuta oili, na mtu huyo alipanda lori.

Kwa hiyo njoo. Sikukatazi, Kilosa siyo yangu. Rehema atakuwa barazani na simu. Utakaa kwenye mkeka, utawaambia watu kwa hiyo sauti yako nzuri kwamba kila neno uliloliuza Mikumi lilikuwa la mke wako, na Zawadi atakuwepo, utamwomba msamaha kwa ule waya. Bila koti. Ukikosea nitakurudisha mwanzo, mimi ndiye ninayejua maneno. Sauti za kiume sihitaji, nyani ninao wa kutosha, na wataendelea.

Hayo ni ya barazani. Mlango ni jambo lingine. Ukishamaliza usiinue mkono, uteremke ngazi uende. Ukikaidi ukabisha, nitakuja mpaka mlangoni, maana sijawa jiwe. Nitaweka kiganja changu kwenye mbao. Ukitaka, weka na wako. Halafu nitarudi kwenye kiti changu, na utasikia kimya kile kile walichokisikia watu wa banda kabla sijawafungulia.

Na ule uji usiuulize. Tuliunywa mimi na Zawadi, asubuhi ya lori, ulipokuwa bado wa moto.

Kwaheri ya kuonana barazani,

Mama Zawadi,
aliyekuwa mke wako, mwenye ile sauti.